Aliyebaki Ripalunga

Padri Ildo, majirani wa Serravalta na wa mashamba yote ya bondeni, jamaa mliotoka Siena na Grosseto, na ninyi wageni ambao baiskeli zenu nimeziona zimeegemezwa kwenye ukuta wa kanisa, mimi ni Lorella, binti pekee wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yangu. Nitayasoma kwa utaratibu wake, tangu kuzaliwa hadi juzi Jumatano, na pale ambapo sauti itanikatika naomba mnivumilie.

Marehemu Nedo Bartalucci alizaliwa tarehe 3 Novemba 1936, katika nyumba ya shamba iitwayo Le Fornacelle, juu ya kilima cha Ripalunga, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Quinto Bartalucci na mkewe Assunta, kaka yake Sauro akiwa amemtangulia kwa miaka mitatu. Wazazi wao walilima kwa nusu, kama walivyolima karibu wote waliozaliwa huku enzi hizo, yaani ardhi ilikuwa ya tajiri, nyumba ya tajiri, ng'ombe wa tajiri, jasho lilikuwa lao, na mavuno yaligawanywa katikati mbele ya msimamizi, hata mayai.

Alianza shule ya msingi hapa Serravalta mwaka 1942, akafika darasa la tano mwaka 1948, kwa kuchelewa, kwa sababu vita vilipita kwenye vilima vyetu majira ya joto ya 1944 na shule ikafungwa kwa muda. Kila asubuhi yeye na Sauro walitembea ile barabara nyeupe ya changarawe kutoka Le Fornacelle hadi kijijini, viatu wamevifunga shingoni ili visiishe, wakavivaa mlangoni pa shule. Waliosoma naye, na wawili kati yao wako hapa leo, wanasema alikuwa mtoto mkimya aliyeuliza maswali ya aina moja tu, treni ya Siena inaishia wapi, na baada ya pale inaenda wapi, na baada ya pale.

Mwaka 1951 ndugu hao wawili walinunua baiskeli moja iliyokwisha kutumika, kwa fedha ya ngozi za sungura waliyoiweka pamoja, na tangu siku hiyo Jumapili zao zikawa na mpango, mmoja anakanyaga, mwingine anakaa kwenye bomba la mbele, wakifika kanisa dogo la San Mamiliano huko juu wanabadilishana. Sauro ndiye aliyekuwa na miguu, alipanda mlima wa Le Fornacelle bila kusimama huku akiimba, na ndiye aliyeipenda barabara ile kwa mapenzi ya kweli, kila mberoshi wake, kila kona, hata vumbi lake. Alikuwa na msemo wake wa utani ambao wazee bado wanaukumbuka, kwamba ardhi ni ya bwana, ng'ombe ni wa bwana, lakini barabara ni yetu. Baba yangu akifika juu alikuwa anakaa ukutani mwa kanisa anatazama upande ule ambako, hewa ikiwa safi, unauona mlima Amiata, na nyuma ya Amiata ndiko iliko bahari, ambayo hakuwahi kuiona hadi alipokuwa mtu mzima.

Tarehe 9 Oktoba 1955 Sauro aliondoka kwenda Australia. Wakati ule walikuwa wanatafuta vijana wa kazi kule, nauli wakilipiwa, na sharti mtu awe na miaka ishirini na moja au awe na saini ya baba yake. Sauro alikuwa na miaka ishirini na mbili. Asubuhi hiyo waliteremka wote wawili kwa baiskeli moja, kutoka Le Fornacelle, wakapita hapa kijijini, wakashuka hadi daraja la Mulinaccio ambako basi lilikuwa linasimama, baba akikanyaga na Sauro amekaa mbele na sanduku mapajani. Nyanya Assunta hakutoka hata mlangoni. Basi lilipokuja, Sauro alipiga kiti cha baiskeli kwa kiganja, kama mtu anavyompiga punda wake mgongoni, akamwambia baba, "Mdogo wangu, usiwaache wakaniharibia barabara. Nikirudi niikute hivi hivi." Kisha akacheka, maana Sauro hakuweza kusema jambo bila kulicheka, akapanda. Baba alikuwa na miaka kumi na minane, mwezi mmoja kabla ya kutimiza kumi na tisa.

Mnajua wenyewe yaliyosemwa baadaye, na wengi wenu mliyasikia kwa wazazi wenu, kwamba Sauro alilikimbia jembe, akawaachia wazee wake na kijana mdogo ekari za tajiri. Babu Quinto alianguka shambani mwezi Machi 1957 na hakusimama sawasawa tena, na lawama zikazidi, na nyanya Assunta aliishi hadi 1971 bila kulitaja jina la mwanawe mkubwa mezani. Baba alikuwa akiyasikia hayo kilabuni, akinyanyuka, analipa divai yake, anaondoka. Hakuwahi kubishana na mtu. Sisi nyumbani tulidhani na yeye alikuwa na kinyongo na kaka yake.

Tarehe 28 Aprili 1962, katika kanisa hili hili, marehemu alifunga ndoa na Alvara Mugnaini, binti wa msaga nafaka wa Mulinaccio, mama yangu, ambaye wote mnamkumbuka kwa kuwa hakuna aliyepita mbele ya dirisha lake bila kuulizwa anakwenda wapi. Ilikuwa ndoa ya mtu asiyesema na mtu asiyenyamaza, na ilidumu miaka hamsini na mitano. Walijaliwa mtoto mmoja, mimi, niliyezaliwa tarehe 12 Januari 1965, na wengine wawili ambao hawakukaa.

Kazi ya marehemu, baada ya kilimo cha nusu kuanza kufa na familia moja moja kuhamia mijini, ilikuwa mtunza barabara wa manispaa, aliajiriwa tarehe 1 Aprili 1963 na akastaafu tarehe 31 Desemba 1993. Alipewa barabara ya Ripalunga yote, kutoka daraja la Mulinaccio, kupita kijijini, hadi San Mamiliano. Alikwenda kazini kwa baiskeli, beleshi na reki vimefungwa kwenye bomba, akizibua mifereji kabla ya mvua ili maji yasibebe changarawe, akijaza mashimo baada ya mvua, na majira ya joto akikata miiba. Mwaka 1966 tuliiacha Le Fornacelle, tukahamia nyumba ya hapa kijijini yenye bomba la maji, na ile nyumba ya kilimani ikabaki tupu, lakini yeye aliendelea kuipita kila siku akienda kazini, na nilipokuwa mdogo akinipakia mbele nilimwona akipunguza mwendo pale, kila mara.

Sasa nafika mwaka 1974, na nitausoma kama ulivyokuwa, kwa sababu baba mwenyewe hakupenda mambo yapakwe rangi. Mwezi Mei mwaka huo manispaa ilipata fedha ya kuweka lami Ripalunga, tukaitwa kwenye chumba cha shule, na kila mtu alikubali, wanawake kwa sababu ya vumbi kwenye nguo zilizoanikwa, wanaume kwa sababu ya magari yao mapya. Baba, ambaye hakuwa amewahi kusema kwenye mkutano, alisimama akasema barabara isiguswe. Wakamuuliza kwa nini, akasema amemwahidi mtu. Wakamuuliza amemwahidi nani, akakaa. Mabishano yakaendelea wiki nyingi, na tukiwa bado tunabishana fedha ikapelekwa kijiji kingine, na lawama yote ikamwangukia yeye. Kuna nyumba ambazo hazikumsalimia hadi Krismasi ya mwaka uliofuata. Mama alikuwa amenyoosha mkono kukubali lami, dhidi ya mumewe, mbele ya watu, na jioni ile akiwa anafua alimwambia maneno ambayo yalizunguka kijiji kizima, "Wewe hukunioa mimi, umeoa barabara. Na mimi ndiye ninayefua vumbi la mke mwenzangu." Baba alichukua beseni, akamwaga maji machafu, akajaza masafi, akamrudishia. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake.

Tarehe 17 Novemba 1981, saa tisa alasiri, baada ya siku nyingi za mvua, mama alipatwa na kiharusi jikoni akikata mkate. Gari la wagonjwa lilifika Mulinaccio likaanza kupanda, likazama kwenye udongo wa mfinyanzi kabla ya kona ya pili, likashindwa kwenda mbele wala kurudi nyuma. Baba na majirani watatu walitandika godoro kwenye trela la trekta, wakamlaza mama, nami nikakaa naye nimemshikia mwavuli usoni, tukateremka polepole hadi kwenye lile gari. Madaktari walimwokoa, lakini mkono wake wa kulia haukurudi, na walituambia kwamba muda uliopotea ndio uliouchukua. Mama hakumlaumu baba hata kwa neno moja, yeye aliyekuwa na neno kwa kila kitu. Nadhani ingekuwa nafuu kwake kama angelaumiwa.

Majira ya kuchipua yalipofika, baba alivaa koti la kanisani, akaenda kwa meya, akaomba lami. Fedha iliyopatikana ilitosha kipande cha chini tu, kutoka kijijini hadi daraja la Mulinaccio, kile kile alichoteremka na Sauro asubuhi ile, na kipande cha juu, cha Le Fornacelle na San Mamiliano, kikabaki cheupe. Kazi ilifanyika Julai 1982, na yeye, kwa kuwa ni mwajiriwa, alikuwa kwenye kundi la kumwaga lami, kwenye joto lile, hadi darajani. Siku ya mwisho alirudi na mikono myeusi hadi kwenye viwiko, akanawa uani kwa muda mrefu, kisha akaingia akamwambia mama, "Sasa ukiugua, watafika." Mama, ambaye wakati huo ulimi wake ulikuwa bado mzito, alimuuliza, "Na ndugu yako je?" Baba akasema, "Atanielewa." Hapo ndipo nilipojua, nikiwa na miaka kumi na saba, ni nani aliyeahidiwa.

Tangu lami ile, magari yote yakashika kipande cha chini na barabara ya mkoa, na kule juu hakukuwa na sababu ya mtu kupita na gari tena. Ripalunga ikabaki na kondoo, na nungunungu, na baba.

Sauro alirudi mara moja. Alifika tarehe 6 Juni 1996, akiwa na miaka sitini na mbili, amefiwa na mke, kwa gari la kukodi kutoka Roma, amevaa kofia pana. Baba, ingawa alikuwa amekwisha kustaafu, alikuwa amefanya kazi huko juu mwezi mzima, amesawazisha kila shimo, ametafuta baiskeli ya pili na kuipaka mafuta, na asubuhi ile alisimama darajani tangu saa mbili. Sauro alishusha kioo, wakatazamana, wakashikana mikono kupitia dirishani kwa sababu hakuna aliyeweza kungoja mlango ufunguliwe. Kisha Sauro akatazama mbele akasema, akicheka, "Kumbe hatimaye mmeweka lami. Nilidhani bado mnakula vumbi."

Kesho yake baba alitoa baiskeli zote mbili uani, Sauro akasema magoti yake hayafai tena, basi wakapanda kwa gari, mimi nikiwa kiti cha nyuma, na kule juu Sauro alifunga vioo kwa sababu ya vumbi. Tulisimama Le Fornacelle, paa limekwisha kuanguka, mtini umeota jikoni, baba akashuka, Sauro hakushuka. Aliporudi kwenye gari baba alimuuliza kama anakumbuka alichomwambia siku ya basi. Sauro alifikiri kwa dhati, alitaka kukumbuka, nilimwona kwenye kioo, akasema hapana, alisema nini? Baba akajibu si kitu, walitakiana safari njema. Usiku ule mezani alimenya pichi moja tangu mwanzo wa chakula hadi mwisho, na hakuila.

Sauro alikaa wiki mbili, alikula vizuri, alikwenda kaburini kwa wazazi akabaki huko peke yake, alinipenda na kunidekeza. Siku ya kuondoka, uani, injini ikiwa inanguruma, alimshika baba mabega yote mawili. Alisema, "Mdogo wangu, miaka miwili ya kwanza kule nililia kila Jumapili. Nikaona nitakufa. Nikajifunza kutokumbuka, na nikaweza. Usinidai sasa nikumbuke." Na baba akamjibu, "Sikudai kitu, kaka. Ninayo yote mimi, yanatutosha wote wawili." Mimi na mama tulisikia na hatukuelewa. Tuliona tu wazee wawili ambao walikuwa wanalia bila haya mbele ya majirani, na majirani, kwa heshima, wakaingia ndani.

Sauro Bartalucci alifariki Adelaide tarehe 30 Agosti 2004. Baba alipopokea simu alichukua baiskeli, akapanda hadi San Mamiliano, akarudi giza likiingia, akala supu yake. Tulipomaliza kuosha vyombo ndipo alipomwambia mama kwamba amebaki peke yake Le Fornacelle.

Lakini miaka hiyo hiyo ndiyo mlipoanza kuja ninyi, wa baiskeli. Mwanzo mmoja mmoja, mmepotea, mna ramani zisizoonyesha kitu, mkishangaa kwamba mmetembea saa nzima bila kukutana na gari. Baba aliwakuta kwenye bomba la maji la Le Fornacelle, akawajazia chupa, akatangulia mbele yenu na suruali yake ya kazi iliyobanwa kifundoni, akiwaonyesha njia. Alipoona mnaongezeka, akaanza kutafuta jinsi ya kuiunganisha Ripalunga na barabara nyeupe za vijiji jirani, akipita kwa wenye mashamba kuomba ruhusa, akifungua njia za zamani za mikokoteni zilizozibwa na miiba, hadi ikawa mtu anaweza kutoka Serravalta asubuhi, akapanda na kushuka vilima siku nzima kati ya mizabibu na ngano, akarudi jioni, bila kusikia honi. Manispaa ikaweka vibao vya mbao. Chakula kilikuwa cha mama, mkate uliobanikwa na mafuta ya zeituni na maharage, aliokuwa akiwapakulia kwa mkono mmoja huku akiwauliza wazazi wenu wako hai na kwa nini mmekonda hivyo.

Na baba, ambaye sisi hatukupata kwake maneno matatu kwa siku, aliwauliza ninyi mlikotoka. Mnakumbuka. Mto wenu unaitwaje, treni inachukua muda gani, watu wanapanda nini, theluji inafika lini. Mholanzi mmoja alimweleza jinsi bahari inavyozuiwa kwa ukuta, na alilisimulia hilo kwa mwaka mzima kama habari ya jana. Alipofika mwanamke mmoja kutoka Adelaide, alimkalisha kwenye ukuta wa bomba hadi jua likazama, na alichotaka kujua ni kimoja, kwamba kule, siku ya Jumapili, watu hufanya nini.

Mwaka 2010, mwezi Februari, mmiliki mpya wa jumba lililo karibu na kanisa la San Mamiliano aliomba Ripalunga iliyobaki iwekwe lami kwa ajili ya wageni wake, na alikuwa tayari kulipa nusu, tukaitwa tena kwenye chumba kile kile cha shule. Baba alisimama mlangoni na hakuingia, alisema zamu yake ya kusema ilikwisha tangu mwaka sabini na nne. Watu walikuwa wamegawanyika. Ndipo mama aliponyanyuka, kwa taabu, akanyoosha mkono wake wa kushoto kuomba nafasi, akasema, "Vumbi la barabara hii nimelila tangu nimeolewa, nimelifua kwa mikono miwili, halafu kwa mmoja. Hakuna humu ndani mwenye haki kuliko mimi ya kusema liondoke. Basi nasema libaki." Lami ikakataliwa. Walipokuwa wanarudi nyumbani wameshikana, baba alimwambia ana wazimu, na mama akasema, "Nimemzoea mke mwenzangu, nitamfukuza uzeeni?"

Mama yetu mpendwa Alvara alifariki tarehe 2 Mei 2017, na tangu hapo baba alijibanikia mkate mwenyewe, akaunguza kila siku, akala hivyo hivyo.

Kuhusu ugonjwa. Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwishoni mwa mwaka 2022. Aliendelea kupanda hadi Le Fornacelle kwa baiskeli mpaka majira ya joto ya mwaka jana, kisha akawa anaikokota tu, anaiegemea kama fimbo, na mlipomkuta njiani mlifanya adabu ya kushuka na kutembea naye, jambo ambalo familia haitalisahau. Tarehe 15 Januari mwaka huu alilazwa hospitali huko Siena.

Jumapili moja alasiri, hospitalini, aliniomba nifunge mlango, na akaniambia jambo, na akaniagiza nilisome leo, mbele yenu, ndiyo maana nalisoma.

Alisema, "Sauro hakutaka kwenda. Mimi ndiye niliyetaka."

Alinieleza kwamba tangu utoto alitaka kuondoka, usiku na mchana, kwamba tangazo la Australia yeye ndiye aliyelileta nyumbani, lakini hakuwa na umri, na alihitaji saini ya babu Quinto. Alimwomba Sauro amsaidie kumshawishi baba yao. Sauro, ambaye hakuwa na haja ya mahali pengine popote duniani, alimjibu kwamba baba hatasaini kamwe, na ukimwomba atakuona mtoro ndani ya nyumba yake mpaka afe. Akasema, niache niende mimi nina umri, nikishatulia nitakuita, aliyeitwa na ndugu haombwi saini, na huku waache waseme ni mimi niliyetaka, mimi sitakuwepo kusikia. Wakashikana mikono, na hakuna mwingine aliyejua. Sauro alitimiza, alituma wito na nauli, vilifika mwezi Aprili 1957, wiki tatu baada ya babu kuanguka shambani. Baba alivirudisha. Aliandika asante, na kwamba atakuja baadaye.

Basi kwa agizo la marehemu natamka hapa, kwa sauti, ili kila mmoja asikie na aliyesikia vingine kwa wazazi wake ajirekebishe, kwamba Sauro Bartalucci hakulikimbia jembe, wala hakumwacha mama yake, aliondoka hapa kwa ajili ya mdogo wake, akaenda kukaa maisha yake yote mahali ambapo hakupataka, na hakuwahi kujitetea. Na Nedo alikaa kwenye barabara aliyoipenda Sauro, akamtunzia.

Nilimuuliza baba swali, labda sikupaswa kumuuliza mgonjwa, kama maisha yake yote alikuwa bado anatamani kwenda. Akasema, "Kila siku. Na kila jioni nikishuka, nikiona mama yako amewasha taa ya jikoni, nashukuru sikwenda. Vilikaa vyote viwili humu, mwanangu, wala havikugombana sana."

Marehemu alifariki kwa moyo kushindwa kufanya kazi, tarehe 21 Februari 2024, saa moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na saba, nami nikiwa nimemshika mkono. Ameacha binti mmoja, mkwe, na mjukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, hasa wale wa zamu ya mchana waliomsogezea kitanda dirishani bila kuombwa, inawashukuru majirani waliotuletea supu na kuni tangu Januari, na kama kuna nyumba iliyonyimana salamu na yetu siku za nyuma, basi ijue kwamba supu yake ndiyo iliyotangulia kufika. Tunawashukuru watunza barabara wa manispaa, waliofika leo na mabeleshi yao begani na ndio waliochimba kaburi, na tunawashukuru ninyi wa baiskeli. Gari la maiti litafika mwisho wa lami, hapo tutamshusha, tutambeba kwa zamu hadi makaburi ya San Mamiliano, na nawaomba msiwe na wasiwasi na viatu vyenu, jana imenyesha kidogo na vumbi limetulia. Baada ya maziko kuna mkate na divai kwenye chumba cha shule.

Jana jioni nilipiga simu Adelaide, kwa binti wa Sauro, binamu yangu ambaye sijawahi kumwona, jina lake ni Assunta. Nilimsomea sehemu ya baba yake. Aliniomba nirudie, nikarudia. Kisha akaniambia kwamba kwao baba yao hakuwahi kusimulia kitu, walijua tu kwamba alitoka Italia, na akaniuliza hiyo barabara ikoje. Nilianza kumweleza, nikashindwa. Nimemwambia aje.

Baba yangu Nedo, umekaa vya kutosha. Pumzika sasa.